Nilimvisha askari wa Keya buti, Hajati akanicheka

Wiki ya tatu hii nahangaika na askari mmoja tu kwenye laptopu. Gemu tunaitengeneza watu wawili, mimi nachora na jamaa yangu anaandika kodi, inahusu vita ya 1914 mpaka 1918 huku kwetu Afrika Mashariki, na mhusika ni askari wa King's African Rifles, batalioni ya 4, ile ya Uganda. Wazee wanasema Keya tu.

Mwanzo nilifanya uvivu. Nilikuta picha moja safi mtandaoni, kofia pana imekunjwa upande, nguo za kijani, buti, nikaimodeli usiku kucha mpaka umeme ukakatika. Kumbe banange, huyo ni Keya wa Burma 1944, vita ya pili ya dunia! Kijani ilikuja kwa ajili ya msitu wa kule, wa 1916 ni kaki na kaputula na kofia yenye kitambaa cha kufunika shingo kwa nyuma. (Idi Amin mwenyewe, aliyekuja kuwa rais wa Uganda, kuna waliosema alipigana Burma na wakati aliingia jeshi 1946, vita imeshaisha, kwa hiyo kuchanganya miaka sikuanza mimi.)

Basi nikabadilisha nguo, buti nikaziacha. Mimi naishi Bombo, hapa Uganda, na Wanubi wa hapa, kizazi cha askari waliotoka Sudan, wengi wana babu aliyekuwa Keya, nikampelekea Hajati jirani laptopu aone. Akaangalia, akavuta miwani, akacheka.

"Mwanangu, hivi viatu kampa nani? Babu yetu alitembea mpaka huko Tanganyika na miguu yake."

Na ni kweli, picha za wakati ule ukizikuza unaona vidole. Askari wengi walikuwa peku. Sasa nyinyi msiochora hamjui, buti ni kama boksi, mguu mtupu una vidole kumi na kila kimoja kinataka kujikunja chenyewe akitembea, halafu kisigino kiwe na nyufa na vumbi jekundu. Siku nne kwa miguu tu.

Juu ya miguu kuna vile vitambaa vya kuzungushia muundi. Nilinunua kitambaa soko la Owino, Kampala, mita mbili na nusu, nikajifunga mwenyewe kuanzia kifundo kupanda mpaka chini ya goti. Mara ya kwanza kiliteremka kabla sijafika getini. Ukikaza sana ganzi, ukilegeza kinaanguka, lazima kila mzunguko ukalie nusu ya ule wa chini. Baada ya hapo tekscha, yaani ule mwonekano wa kitambaa, ilinitoka vizuri kwa sababu sasa najua mikunjo inakaa wapi.

Bunduki haikunisumbua, Lee-Enfield, risasi kumi, karibu kilo 4. Ila upande wa Mjerumani ndo kuna utamu, maskari wake wengi walikuwa na bunduki za zamani za modeli ya 1871 zinazotumia baruti nyeusi, wakipiga moshi mweupe unawachongea. Jamaa yangu alivyosikia akaruka, mchezaji atamtafuta adui kwa moshi!

Kilichomuudhi ni miguu, sauti za hatua zote alikuwa ameshaweka za buti. Jana jioni tumerekodi upya uani kwangu, mimi peku kwenye murramu, ile changarawe nyekundu, na simu iko chini, kuku wakipita katikati. Mara tatu tumerudia, na ile tuliyoichagua ina "aii" yangu ndani, nilikanyaga mwiba.