"Ciak pa boey?" Siku mbili Penang kwa Ah Ma

Basi lilitoka Kuala Lumpur alfajiri, njiani masaa kama matano mpaka Butterworth, pale unavuka na feri ndo unaingia kisiwani Penang, George Town, ule mji UNESCO waliouweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Wengi huenda kupiga picha nyumba za zamani na kula char koay teow, tambi pana za mchele za kukaanga, mimi nilifuata lugha. Mwenzangu ninayeishi naye ni wa huko, na kila akiongea na bibi yake kwenye simu nilikuwa nashika neno moja moja afu napotea. Ni Kihokkien, aina mojawapo ya Kichina, asili yake Zhangzhou kule Fujian, kusini mashariki mwa China, ila cha Penang kimeishi na Kimalei muda mrefu mpaka kimekuwa na ladha yake.

Nimevua viatu mlangoni tu Ah Ma (ndo bibi, nami nilimwita hivyo hivyo) akaniuliza "lu ciak pa boey?", yani umekula ukashiba au bado? Hiyo ndo salamu. Na boey ni bado yetu kabisaa aisee, ukiiweka mwisho swali limekamilika, na ukijibu boey peke yake imetosha, huongezi kitu. Nikasema boey, akaenda kuleta pau, yale maandazi ya kupikwa kwa mvuke.

Pau mbili ni "no liap pau". Huwezi kutaja mbili ikaishia hapo, lazima useme ni mbili za namna gani, liap ni ya vitu vya mviringo, vitabu vina neno lao, na samaki wanahesabiwa kwa neno lenye maana ya mkia. Sisi tuliokua na ngeli hili halitushangazi sana. Kilichonipa shida ni kitenzi, hakibadiliki hata kidogo, ciak ni kula, iwe jana iwe kesho, hakuna nili- wala nita-, unasikiliza maneno ya pembeni. Sisi ni "wa lang", yani mimi-watu, nyinyi ni "lu lang", wao "i lang". Nimelipenda sana hilo, mimi-watu.

Kesho yake Ah Ma akanichukua sokoni, wao wanasema pasat, kutoka pasar ya Kimalei. Kununua ni "be" na kuuza ni "be", tofauti ni sauti tu, ikianzia juu unanunua, ikilala chini unauza, na mbele ya muuza samaki Ah Ma alinishika mkono akanirudisha kwenye hilo neno mara tatu mpaka likakaa. Pesa ni lui. Halafu tukafika kwenye meza ya vitu vya kufulia akanyanyua mche mmoja akasema "sapbun". Sabuni! Waarabu walilileta neno hili pwani yetu likafika na Umalei pia, sasa nalisikia kwa bibi wa Kichina, nilibaki nimeshika ule mche muda mrefu.

Jioni wakaja wajukuu wadogo. Ah Ma anawauliza ciak pa boey, wao wanajibu kwa Kimandarin, kile Kichina rasmi, maana ndo wanachofundishiwa shule, wanamwelewa kila kitu ila Kihokkien hakiwatoki mdomoni. Ah Ma hakusema kitu, akapakua chakula. Mimi chakula hakikushuka vizuri, kwa sababu bibi yangu Lushoto akiniita kwa Kisambaa mimi naitikia Kiswahili, miaka yote hiyo, na yeye pia hajawahi kusema kitu.

Kwenye feri ya kurudi nikampigia. Nikamwomba aniambie umeshakula kwa Kisambaa, polepole. Upepo ulikuwa mwingi, akarudia mara ya pili kwa sauti kubwa, nami nikafuatisha nyuma yake.