Redio ya gari inayojitafutia masafa

Jana nimeendesha kutoka London hadi Leeds, redio iko BBC Radio 2 njia nzima, na sikugusa kitufe hata mara moja. Minara inabadilika, masafa yanahama ndani ya 88 hadi 91 FM, muziki haukatiki. Jamani, nimeipenda sana hii teknolojia!

Inaitwa RDS (Radio Data System, yaani mfumo wa data za redio), ilianzia Ulaya miaka ya 1980. Pamoja na muziki, kituo kinarusha wimbi dogo la kilohezi 57, ambalo sikio halilisikii kabisa. Linabeba biti 1,187.5 tu kwa sekunde, kidogo mno, ndiyo maana jina la kituo halizidi herufi nane na maandishi yanayopita kwenye kioo hayazidi herufi 64. Ndani yake kuna pia namba ya utambulisho wa kituo na orodha ya masafa yake mengine. Mawimbi yakififia, redio inachungulia masafa hayo, inahakikisha namba ni ileile, inahamia lenye nguvu.

Na hakuna bando linalokatwa! Hata saa ya redio inaweza kujirekebisha kwa data hiyohiyo, kituo kikiituma kila dakika.