Jinsi nilivyoupata uga sumaku njiani kwenda palsa ya Vela

Nilikuwa napima jinsi uga sumaku ulioko njiani unavyogeuza mawimbi ya redio ya palsa ya Vela (nyota iliyokufa inayozunguka na kututumia mapigo ya redio), na siku tatu nilipata jibu la ajabu: hasi 79. Wimbi la redio lililopolaraizwa (linalotikisika katika mwelekeo mmoja) likipita kwenye gesi yenye ioni na uga sumaku, pembe ya mtikisiko wake hugeuka kulingana na mraba wa urefu wa wimbi. Huo ndio mgeuko wa Faraday. Mimi nilipima pembe kwenye masafa mawili tu, gigahezi 1.1 na 1.4, nikachora mstari kati ya nukta mbili. Uvivu, basi.

Kosa ni kwamba pembe ya polaraizesheni ikigeuka nyuzi 180 inarudi palepale, na huwezi kujua imezunguka mara ngapi. Kwa masafa yangu, kila nusu mzunguko ulihamisha jibu kwa takriban rediani 110 kwa mita ya mraba. Hasi 79, 31, 141: yote yaliingia sawasawa.

Nikaigawa bendi nzima katika chaneli za megahezi 1. Kati ya chaneli jirani pembe husogea kidogo mno, hakuna mzunguko wa kupotea. Mstari ukakaa kwenye 31, baada ya kutoa mchango wa ionosfia yetu wenyewe, tabaka la juu la hewa ya Dunia lenye ioni (huo nao nilikuwa nimeusahau!).

Kuchelewa kwa mapigo kunahesabu elektroni zilizo njiani; hesabu hiyo huitwa kipimo cha mtawanyo, na cha Vela ni 68. Gawanya 31 kwa 68, zidisha kwa 1.23 (kigeuzi cha vipimo): uga sumaku wa wastani wa maikrogausi 0.56, yaani sehemu 0.56 ya milioni ya gausi, ukielekea kwetu.