Siku ya Momella na Kibogoyo Wangu

Jumamosi, saa nne usiku, Maji ya Chai

Mjukuu wangu amelala tangu saa mbili, soksi moja mguuni na nyingine sijui iko wapi, nami nimekaa mezani na kikombe cha chai nikijaribu kuiandika siku hii kabla haijanitoroka. Ana miaka saba, amezaliwa na kukulia Dar es Salaam, na amekuja na wazazi wake kwa likizo ya Juni akiwa na pengo la meno mawili ya mbele ambalo humwonyesha kila anayemsalimia. La kwanza lilidondoka kabla ya safari. La pili lilitoka hapa kwangu siku ya Jumatano, alipokuwa anauma hindi la kuchoma, tukalirusha juu ya bati kama mama yangu alivyorusha yangu.

Siku hiyohiyo ndipo aliponiuliza. Alikuwa amesimama mbele ya kioo akikagua pengo lake, nami nyuma yake nikimchana nywele, akaniona nikicheka. "Bibi," akasema, "mbona meno yako ni ya kahawia? Huwa hupigi mswaki?" Mama yake aliyekuwa jikoni alimkaripia kwa sauti kali kiasi kwamba karipio liliniuma kuliko swali lenyewe. Namwelewa binti yangu. Yeye pia alikulia hapa, akanywa maji ya hapa, na alipopata kazi Dar es Salaam jambo la kwanza alilolifanya kwa akiba yake lilikuwa kwenda kwa daktari wa meno kufunikwa meno manne ya mbele. Ndiyo maana mtoto hajawahi kuliona jambo hili nyumbani kwao. Nilimwambia mjukuu wangu kwamba nitamjibu Jumamosi tukiwa mlimani, na ukweli ni kwamba nilikuwa nanunua muda. Nimefundisha shule ya msingi kwa miaka 34, nimeulizwa kila kitu, lakini swali hilo sijawahi kulijibu bila kuweka kiganja mdomoni.

Basi leo asubuhi tukaondoka, watu wanne ndani ya Noah ya kuazima: mkwe wangu akiendesha, binti yangu mbele, mimi na kibogoyo wangu nyuma tukiwa na kikapu cha chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu na chupa ya chai. Kutoka kwetu hadi Hifadhi ya Taifa ya Arusha si safari ya kujivunia; unaiacha barabara kuu ya Arusha na Moshi, unapanda kidogo katikati ya mashamba ya migomba na kahawa, na kabla mtoto hajauliza mara ya tatu kama tumefika, uko kwenye lango la Ngongongare. Langoni hawapokei fedha taslimu, hivyo mkwe wangu alihangaika na simu yake kwa muda, mtandao ukienda na kurudi, huku mtoto akimhoji askari wa hifadhi kuhusu simba.

Simba hawapo. Jibu hilo lilitaka kuiharibu siku kabla haijaanza. Askari alimwambia kwa upole kwamba chui wapo, na fisi, ila hawajionyeshi ovyo, na mjukuu wangu akanitazama kana kwamba nimemuuzia kitu kibovu. Tulipoingia kwenye uwanda wa majani wanaouita Serengeti Ndogo, hasira zikaisha zenyewe. Kulikuwa na nyati waliolala kama mawe, pundamilia, ngiri waliopiga magoti wakila, na twiga mmoja aliyesimama kando kabisa ya njia, karibu kiasi kwamba tuliona kope zake. Alikuwa anatafuna. Taya la chini lilikwenda kulia, likarudi kushoto, likatulia kidogo kama anayekumbuka jambo, kisha likaanza tena. Mtoto alianza kumwigiza na hakuacha hadi tulipofika msituni.

Msitu wa Ngurdoto ulikuwa na ukungu, na baridi ya Juni ilinifanya nijifunge kitenge cha pili mabegani. Hapo ndipo tulipowaona mbega, kundi la saba au nane, wameketi juu ya matawi na manyoya yao meupe yakining'inia kama mashuka yaliyoanikwa. Nilimwambia mjukuu wangu kwamba mbega hana kidole gumba, na kwamba mkono wake umefanywa kuwa kama kulabu ya kunasia matawi. Hakuniamini mpaka mkwe wangu alipothibitisha. Kuanzia hapo alikunja vidole gumba vyake ndani ya viganja na kujaribu kumenya yai hivyohivyo. Yai likateleza, likabiringika chini ya kiti, na tukalikosa mpaka tulipofika nyumbani jioni kwa kuongozwa na harufu.

Ukingoni mwa kreta ya Ngurdoto tulisimama kimya. Ni bakuli lenye upana wa kilomita kama tatu, kuta zake msitu mtupu, na chini kabisa kuna uwanda wenye kinamasi ambako wageni hawaruhusiwi kushuka. Nyati walionekana kama sisimizi. Napenda sana kwamba haturuhusiwi kushuka. Nchi inapaswa kuwa na mahali pachache ambapo watu hutazama tu na kuondoka. Binti yangu alitaka picha, akanipanga mimi na mtoto, akasema, "Mama, tabasamu." Nikatabasamu kama ninavyotabasamu katika picha zote za maisha yangu, kuanzia ya harusi, midomo imefungwa.

Nilijifunza kufunga midomo nilipokwenda chuo cha ualimu, mbali na kwetu. Wenzangu walinitambua kwa meno kabla hawajaisikia lafudhi yangu. "Huyo ni wa Arusha," wangesema, na sikuwa na la kubisha. Wapo waliodhani ni uchafu, wapo waliodhani ni ugoro. Msichana mmoja wa bweni letu aliniletea mkaa uliosagwa, kwa nia njema kabisa, nami nikausugua kila usiku kwa muhula mzima hadi fizi zikavuja damu. Meno hayakubadilika hata kidogo, kwa sababu rangi ile haijapakwa juu. Imo ndani ya jino lenyewe.

Saa sita tulikuwa Momella. Maziwa yale yametawanyika katikati ya vilima vidogovidogo, na kila moja lina rangi yake, moja la kijani, jingine la buluu iliyofifia, kwa sababu kila moja hulishwa na maji yake kutoka chini ya ardhi. Tulitandika kitenge mahali panaporuhusiwa, tukala, na tulipokuwa tukimalizia chai mawingu yakafunguka upande wa magharibi na Mlima Meru ukajitokeza wote, mita 4,566, kwa muda wa kama dakika ishirini. Ukiutazama kutoka mjini Arusha, Meru ni pembetatu nadhifu ya kuchorwa na mtoto. Ukiutazama kutoka Momella ni jambo jingine. Ubavu wote wa mashariki haupo. Kuna ukuta wa mwamba uliosimama wima, na ndani yake kilima cha majivu kilichoota baadaye, na mbele yake hakuna kitu, mlima umekuwa wazi kama jino lililooza katikati.

"Nani ameuvunja?" akauliza.

Nikaona ahadi yangu ya Jumatano imewadia. Nikamwambia kwamba mlima huu ni volkano, na kwamba mara ya mwisho ulitoa moshi na majivu mwaka 1910, jambo ambalo kwa mlima ni kama jana. Maelfu ya miaka kabla ya hapo, ubavu huu uliporomoka wote kwa mpigo mmoja, mawe na tope vikashuka mpaka hapa tulipokaa na kupita, na vilima hivi tunavyoviona ni vipande vya mlima ule vilivyoachwa njiani. Maziwa yamekaa kwenye mabonde yaliyobaki kati ya vipande hivyo. Nikamwonyesha kilima kilichokuwa nyuma yake. Alikigusa kwa mguu, taratibu, kama anayeogopa kukiamsha.

Kisha nikaendelea. Mawe ya mlima yana madini yaitwayo floraidi. Mvua inanyesha juu, maji yanazama kwenye mawe hayo, yanayeyusha madini polepole, yanatokea huku chini kwenye chemchemi, mito na visima. Kiasi kidogo ni kizuri kwa meno, na ndiyo maana kimo kwenye dawa ya mswaki. Lakini Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na maji mengi ya kuzunguka Meru yanapita hapo mara nyingi, hata ukaja wakati, miaka ya 1970, nchi yetu ikavumilia hadi miligramu 8 kwa kuwa kwa vijiji vingi hapakuwa na maji mengine. Sisi tuliongeza na magadi kwenye makande ili yaive upesi, magadi ambayo nayo yamejaa floraidi. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno yake ya utu uzima bado yanajengwa ndani ya ufizi, jino linatoka likiwa limeshapata rangi. Wengine iliwaingia mpaka kwenye mifupa, na wapo watu wa rika langu wenye miguu iliyopinda tangu utotoni.

Sikumwambia mtoto kila kitu kwa maneno hayo, naandika hapa kwa urefu kwa sababu kalamu haina haraka. Yeye alisikiliza akiwa ameweka kidole kwenye pengo lake, na alipopata nafasi akauliza swali lake la kweli: "Na haya yangu yanayokuja?" Nikamwambia afungue mdomo. Katika ufizi wa juu, upande wa kulia, ncha ya jino jipya ilikuwa imechungulia, nyeupe, yenye vijimeno vidogo kama msumeno. Nikamwambia hilo limejengwa Dar es Salaam, na halina tatizo. Hata hivyo nikamkumbusha kwa nini kwangu anakunywa maji ya simtanki, yaani ya mvua, na si ya bomba. Hapa jirani, Ngurdoto, kuna kituo cha utafiti cha kuondoa floraidi ambako hutumia mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Mkaa wake hunasa madini hayo maji yanapopita. Mifupa inayookoa mifupa ya watu, na wazo hilo lilimfurahisha mjukuu wangu kuliko twiga.

Ziwani heroe walikuwa wengi, mstari wa waridi ukingoni, vichwa chini, midomo ikichuja mwani. Mkwe wangu alimweleza mtoto kwamba heroe huzaliwa wa kijivu, na rangi ile wanaipata kutokana na chakula wanachokichuja kwenye maji haya ya magadi. Mtoto akawatazama heroe, akanitazama mimi, akawatazama tena. "Kumbe nao ni maji," akasema. Binti yangu aligeuza uso upande wa mlima na kukaa hivyo kwa muda. Sikumsemesha.

Barabara ile ya hifadhini ni ya watu wote, na tulipishana na gari la abiria lililojaa mpaka juu, magunia ya nyanya juu ya paa, likitoka Ngare Nanyuki ambako nilikulia. Jina hilo kwa Kimaasai ni maji mekundu. Mama yangu alikuwa msichana mwaka 1951 serikali ya kikoloni ilipowaondoa Wameru huko kwa nguvu ili kuwapa walowezi mashamba, nyumba zikachomwa, na mwaka uliofuata mwakilishi wao, Kirilo Japhet, akasafiri mpaka New York kuidai haki yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Nyumbani kwetu kisa hicho kilisimuliwa kama sala. Nimekuwa nikiwaza leo, nikilitazama lile gari likipotea kwenye vumbi, kwamba tulirudi kwenye ardhi ile kwa furaha kubwa, na jambo la kwanza tulilolifanya, kama anavyofanya kila mtu afikapo nyumbani, ni kunywa maji.

Mawingu yakafunga tena. Njiani kurudi tulipata pancha, tukabadilisha tairi chini ya usimamizi wa nyani watatu wasio na adabu, hakuna zaidi la kueleza. Jambo la mwisho lilitokea pale tuliposimama kunawa, kwenye kituo kimoja cha askari. Kando ya njia, juu ya jiwe, waliweka fuvu la nyati, pembe zake zimetanuka, ndani ya matundu ya macho buibui amejenga. Mjukuu wangu alilizunguka mara mbili. Kisha akachuchumaa, akainamisha kichwa mpaka shavu likakaribia kugusa jiwe, akachungulia magego yaliyobaki kwenye taya la juu. Yalikuwa ya kahawia iliyokolea. Najua meno ya nyati hupata rangi kwa majani anayotafuna mahali popote alipo, na kama ningekuwa darasani ningemsahihisha.

"Bibi, njoo uone," akaniita kwa sauti ambayo hata askari waligeuka. "Huyu naye ni wa kwetu."

Nikacheka mpaka nikashika jiwe nisianguke. Binti yangu alikuwa na simu mkononi. Picha ameshanitumia, ninayo hapa mezani; fuvu limetoka vizuri, mtoto ametoka nusu, na meno yangu yameonekana yote.