Siku moja maishani mwangu: doa la mwaka 1978

Saa kumi na moja alfajiri niko macho. Naswali, nakunywa chai ya rangi, naondoka. Naishi Sacramento, California, na kazi yangu ni kutafuta vinasaba (DNA) kwenye vielelezo vya mauaji ya zamani ambayo muuaji wake hajajulikana.

Saa moja na nusu nimeshavaa glavu jozi mbili, barakoa na kofia, na meza nimeifuta kwa jiki. Vinasaba vyangu mwenyewe vimehifadhiwa maabara, ili tone la mate yangu likidondoka lijulikane ni langu.

Saa mbili ikaletwa blauzi ya mwanamke aliyeuawa mwaka 1978. Siku ikakwama hapo hapo. Namba ya kwenye mfuko inaishia na 6, ya kwenye fomu inaishia na 8. Kalamu ya mtu wa stoo iliteleza, basi. Lakini sifungui. Nikifungua, ipo siku wakili atasimama mahakamani aulize nina uhakika gani kwamba blauzi hii ndiyo ile. Nikapiga simu, nikaambiwa nisubiri. Nikapiga tena: aliyeandika yuko likizo. Wa tatu akaniambia, "Fungua tu, jina si lilelile?" Nilimjibu kwa upole huku mkono ukitetemeka kwa hasira. Dada wa marehemu bado yu hai, na amekuwa mzee akisubiri. Saa nne. Saa tano. Saa sita. Barua ya marekebisho iliingia saa saba kasoro.

Mji huu unamkumbuka Joseph James DeAngelo, aliyekamatwa Aprili 2018 na mwaka 2020 akakiri mauaji 13. Watu husimulia jinsi ndugu zake wa mbali walivyopatikana kwenye tovuti ya nasaba, ambako watu hutafuta ndugu zao kwa vinasaba, ukoo ukachorwa hadi kumfikia. Mimi humfikiria aliyetunza vielelezo tangu 1980. Bila yeye, ukoo ungechorwa kutokana na nini?

Mchana wote nimeinamia doa moja. Waliotangulia walishakata vipande viwili vikubwa, maana vipimo vya wakati wao vilitaka damu nyingi. Leo chini ya nanogramu moja ya vinasaba, yaani sehemu moja ya bilioni ya gramu, hutosha kulinganisha na kanzidata ya taifa ya vinasaba. Kilichobaki hakizidi ukucha wa kidole gumba. Nikikata chote nikakosa, nimemfungia mlango atakayekuja na mashine bora kuliko yangu. Nilikaa na mkasi mkononi muda mrefu, mgongo unawaka. Nikakata nusu.

Giza lilishaingia mashine ilipotoa kipimo. Vinasaba ni vichache, vimekatikakatika kwa uzee, ila ndani yake vimo vya mwanamume.

Blauzi nikairudisha kwenye mfuko mpya wa karatasi, kwa sababu plastiki hutunza unyevu na unyevu huozesha. Nikaandika tarehe, saa, jina langu. Namba niliisoma mara tatu.