Siku moja na fundi wa mashine za ultrasaundi, Mwanza

Saa 12 na nusu asubuhi niko kwenye hiace kutoka Igoma, nimebanwa na mama mwenye ndoo ya dagaa. Mi ni fundi wa vifaa tiba, mashine ikizima hospitali wananiita mimi.

Saa 2. Probu ya ultrasaundi, kile kishikio kinachopitishwa juu ya tumbo, inatoa picha yenye mistari myeusi wima, hapo fuwele za piezo kadhaa, zile zinazotikisika zikipewa umeme na kutoa mawimbi ya sauti, zimeshakufa. Ukipitisha kidole kwenye kile kipira cha mbele unakuta kimechubuka, watu wanaidondosha alafu kimyaaa. Nikafunga ya akiba.

Saa 4 mzee mmoja wa Ukerewe anasubiri kupimwa ini, kaniona na bisibisi. "Mwanangu, nasikia kuna mashine kama hiyo inachoma kansa, kweli?" Nikamwamkia kwanza, alafu nikamwambia hii yetu inaangalia tu mzee, ile ya kuchoma mawimbi yanatoka pembe nyingi yanakutana sehemu moja ndani ya mwili, kama mlivyokuwa mnachoma karatasi na miwani juani, joto linapita nyuzi 60 seli zinakufa na hujakatwa popote. Marekani waliruhusu kwa uvimbe wa kizazi 2004, tezi dume 2015. "Na ini?" Ini 2023, ila hiyo haitumii joto, inasagasaga uvimbe kwa vipovu. Mzee akacheka, "vipovu tena!"

Saa 7 ugali sato.

Saa 9 karakana, hapa ndo penyewe. Watu wakisikia roboti ya kuchoma uvimbe kwa mawimbi wanawaza jitu la chuma, kumbe nyingi ni kisanduku tu kinachokaa kwenye kitanda cha mgonjwa, kazi yake kusogeza kile kinachotoa mawimbi, milimita kwa milimita, maana kila pigo linaunguza kieneo cha milimita chache tu kwaiyo uvimbe wa sentimita 3 unaenda nukta kwa nukta, kwa mkono utaweza wapi. Na kuna zinazofanya kazi ndani ya MRI, ile mashine ya picha yenye sumaku kubwa, ambayo inapima joto la nyama hapo hapo, sasa ukipeleka mota ya kawaida pale sumaku inaivuta. Wanaunda kwa plastiki na mota za piezo, yani fuwele za ukoo ule ule wa kwenye probu yangu ya asubuhi! Mi naona hiyo mota ina akili kuliko hata mawimbi yenyewe.

Mimi nina reli ya printa mbovu inayosogeza probu juu ya kipande cha agari, jeli ya mwani, ndo nyama yangu ya bandia ya kujaribia. Leo skrini imejaa madoa meupe, hewa. Kwa mgonjwa anayechomwa uvimbe hewa si mchezo, mawimbi yakigonga kipovu pale kwenye ngozi yanarudi na ngozi inaungua.

Saa 2 usiku nachemsha maji upya muda mrefu hewa itoke, alafu agari gramu 60 kwa lita, nakoroga polepole. Mama Neema kasimama mlangoni.

"Baba Neema, hiyo sufuria ni ya uji wa mtoto."

"Dakika kumi tu."

"Jana ulisema hivyo hivyo na ikagandia."