Pampu ya kijiji ifunguliwe Julai

Mwezi mgumu kuliko yote kwa pampu ya mkono huku Tabora ni Oktoba. Visima vya kienyeji vimekauka, mbugani kumebaki tope, na ndoo zote za kitongoji zinaelekea bomba moja. Hela ya tumbaku nayo imeshakwisha. Pampu ikigoma hapo, kamati inaanza kupita nyumba kwa nyumba kuchangisha. Matengenezo ni kazi ya Julai, hela ikiwepo na maji yakiwa bado yanapatikana kwingine.

Kabla ya kufungua chochote, pima. Nazungumzia Afridev, aina ya pampu ya mkono inayovuta hadi kina cha mita 45. Piga mkono mara 40 kwa dakika moja, ushuke na kupanda mpaka mwisho, maji yaingie kwenye ndoo yenye alama. Yasipofika lita 10, mpira wa pistoni umelika au vali, kile kilango cha kuzuia maji yasirudi chini, haifungi. Iache ipumzike nusu saa, piga tena. Maji yasipotoka ndani ya mapigo matano, yanavuja kurudi chini: anza kushuku vali ya chini na pete yake, kisha viungio vya bomba. Pampu inayotoa vizuri alfajiri na kukata mchana usiilaumu. Kisima chenyewe hakijazi upesi, na spea haziongezi maji ardhini.

Hizo lita 10 zina maana yake. Sera ya Maji ya 2002 ilihesabu kituo kimoja kwa watu 250, lita 25 kwa mtu kwa siku, yaani lita 6,250. Kwa lita 10 kila dakika, ni zaidi ya saa kumi za kupiga bila kupumzika. Ndiyo maana pampu iliyochoka haionekani mbovu. Watu wanaona foleni tu, wanasema kitongoji kimejaa.

Kufungua hakuhitaji winchi. Toa kofia, toa mkono, vuta fimbo moja moja. Zinaachana kwa ndoano. Bomba linabaki kisimani, na vali ya chini huvuliwa kwa chombo chake maalumu. Fimbo zilazwe juu ya turubai, zisiguse udongo, na zioshwe kwa maji ya klorini kabla ya kurudi. Badilisha mpira wa pistoni, pete, vijipira vya vali na bushi za mkono (vipete vya plastiki vinavyoshika pini zake) kila mwaka, hata vikionekana vizima. Bushi ndizo hupuuzwa kuliko vyote. Zikiisha, mkono unayumba, na pini zinaanza kulana chuma kwa chuma. Ukiona mchanga ndani ya ndoo, kisima kisafishwe kwanza, la sivyo mpira mpya nao utalika upesi.

Tangu Sheria ya Huduma za Maji Na. 5 ya 2019, mradi wa kijiji unaendeshwa na chombo cha watumia maji chini ya usimamizi wa RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini. Mchango wa kila mwezi unamfaa mwenye mshahara. Mkulima wa Urambo au Kaliua alipe mara moja akishauza tumbaku, wa mpunga kule Nzega na Igunga akishauza gunia zake. Kaya 50 zikitoa shilingi 12,000 kila moja kwa mwaka, ni 600,000. Nunueni spea kwanza, zinazobaki ziende benki: mpira ulio kabatini haukopwi na mtu.

Ng'ombe wapelekwe lambo. Mia moja, kwa lita 30 kila mmoja, wanakunywa lita 3,000, karibu nusu ya maji ya watu 250. Kinachomwagika kipite kwenye mfereji hadi bustani ya mchicha, kisituame kando ya zege, kwa sababu ufa mmoja unatosha kurudisha maji machafu kisimani. Ufa upanuliwe kwa patasi, uoshwe, uzibwe kwa saruji moja na mchanga tatu, umwagiliwe siku 7 bila kukanyagwa.